Hakuna Jumba Lililojitenga, Kuna Watu Hamjawahesabu

Wasee, tangu mwezi uanze mmenijazia ujumbe mkitaka nisome riwaya za jumba la matajiri. Mnazijua. Jumba kubwa mahali pa mbali, kisiwani ama mlimani. Wageni wanafika na masanduku ya maana. Mvua inanyesha, daraja linabebwa na maji, simu hazishiki. Asubuhi mtu mmoja haamki. Ameuawa na nani? Hawezi kuwa mtu wa nje kwa sababu hakuna mtu wa nje. Wako peke yao. Hapo ndipo nyinyi mnakosa usingizi mpaka saa tisa usiku, halafu mnaniandikia kwa herufi kubwa.

Basi nimesoma. Sitawadanganya eti ni vibaya. Kimoja nilikuwa nakimalizia kwa matatu nikitoka Embu, nikapitishwa steji, nikalipa boda ya kunirudisha na hata sikulalamika. Kwa hivyo taharuki iko. Ugomvi wangu ni na yale maneno matatu, "wako peke yao". Huo ni uongo, na nausema kwa ukali kwa sababu mimi nimekulia upande wa pili wa huo uongo.

Kwetu ni Timau. Ukitoka Nanyuki ukielekea Meru, mkono wa kushoto ardhi inateremka kuelekea Isiolo, na huko chini kuna Lewa, karibu ekari 62,000, iliyokuwa shamba la ng'ombe la familia ya Craig kabla ya kuwa hifadhi mwaka 1995. Mkono wa kulia ni Mlima Kenya, na huko juu kwenye Ziwa Rutundu kuna vibanda vya mbao ambapo Prince William alimposa Kate Middleton Oktoba 2010. Dunia nzima iliambiwa hapo ni upweke mtupu: wao wawili, ziwa na baridi. Sawa. Lakini vibanda vile vina watunzaji. Kuna mtu aliyejua kuni ziko wapi.

Njoo Timau saa kumi na moja na nusu asubuhi usimame kando ya lami. Utaona watu wakienda kazini kwenye maloji na mashamba ya maua: wapishi, wafua nguo, watu wa bustani, masoja wa zamu ya mchana, boda moja imebeba watatu na sufuria. Saa mbili mgeni anaamka, anafungua pazia, anaona twiga na ukungu, anapiga picha na kuandika kwamba hakuna binadamu hapa kilomita nyingi. Yai lake limekaangwa na nani? Twiga?

Tuelewane, sina kesi na hifadhi. Vifaru wako hai pale na hilo si jambo dogo. Kesi yangu ni ya hadithi, na ya watu wanaozipenda hadithi bila kuziuliza swali.

Chukua mama wa riwaya hizi zote, And Then There Were None ya Agatha Christie, ya mwaka 1939. Kama hujaisoma ruka aya hii na inayofuata, ingawa imepita miaka zaidi ya 80 na huruma yangu ina mipaka. Watu kumi wako kwenye kisiwa karibu na pwani ya Devon, Uingereza. Wanane wamealikwa kama wageni ama kwa kazi za heshima. Wawili ni Rogers na mke wake, walioajiriwa kupika na kuhudumia. Mke wa Rogers anakufa usiku wa kwanza. Asubuhi yake Rogers anafanya nini? Anaandaa meza. Mtu mke wake ni maiti chumbani, yeye anapanga sahani, na wageni wanakula. Baadaye naye anauawa akipasua kuni za kuwasha jiko lao. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Si kwa sababu ya woga. Nilijiuliza kwa nini mimi, mtoto wa Timau, nilikuwa nimesoma kurasa zote hizo nikiwahofia jaji na daktari, na huyu jamaa nimempita kama kiti.

Na kuna kitu kingine ndani ya kitabu hicho ambacho hamkukiona, najua, kwa sababu hata mimi sikukiona mara ya kwanza. Kisiwa hakikujitenga chenyewe. Wanakijiji wa ng'ambo waliambiwa mapema kwamba wageni wako kwenye jambo la dau, kwa hivyo wakiona ishara yoyote ya kuomba msaada wasishughulike. Yaani ili watu kumi wawe "peke yao", kijiji kizima kilipaswa kufumba macho. Na anayeanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa ni nani? Mwendesha mashua.

Hiyo ndiyo siri ya jumba lililojitenga. Upweke wake unatengenezwa, na watu wanalipwa kuutengeneza. Mmoja analipwa asionekane, mwingine anaambiwa asiangalie.

Sasa turudi Kenya, maana tuna yetu, na ni ya kweli. Tarehe 24 Januari 1941, kabla hakujapambazuka, karibu na Karen, gari aina ya Buick lilikutwa limetoka barabarani. Ndani kulikuwa na maiti ya Josslyn Hay, yaani Lord Erroll, amepigwa risasi ya kichwa. Huyu aliwahi kuishi kwenye jumba jeupe kando ya Ziwa Naivasha ambalo Wazungu wenzake waliliita Djinn Palace, kasri la majini. Pombe, sherehe, wake za watu, yote mnayoyapenda. Wakati huo alikuwa na uhusiano na Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton akashtakiwa, kesi ikasikizwa mbele ya juri ya Wazungu watupu, akaachiliwa Julai 1941. Desemba 1942 akajiua huko Liverpool. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. James Fox akaandika White Mischief mwaka 1982, 1987 ikawa filamu, na watu hawajaacha kuchimba kesi hiyo hadi leo.

Swali la mtihani, alama mbili: nani aliikuta maiti?

Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa kwa lori.

Umewahi kusikia habari yao? Hadithi inawafikia, inawapungia mkono, inaendelea na safari yake kwenda kwa wenye majumba. Lakini hebu fikiria kidogo kama mtu anayejua taharuki ni nini. Ni 1941. Wewe ni Mwafrika, una kipande chako, uko barabarani usiku sehemu wanayoishi Wazungu. Mbele yako kuna gari la kifahari na ndani kuna lodi ametoka damu. Ukiripoti, swali la kwanza utakaloulizwa ni wewe ulikuwa unafanya nini hapo. Usiporipoti, magurudumu ya lori lako yameshaacha alama kwenye udongo, na maziwa yanasubiriwa, na mwenye maziwa anajua mlipita njia ipi na saa ngapi. Broughton alikuwa na miezi ya kujitayarisha na wakili aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Hawa wawili walikuwa na dakika chache gizani. Niambie wewe, kati ya hizo mbili, ni riwaya gani ungesoma ukapitishwa steji?

Kuna kitu kingine kinanichoma zaidi. Ukisoma vile vitabu vya Kiingereza kuhusu maisha ya masetla, Kiswahili kimo, lakini kimepewa kazi moja tu: amri. Lete. Weka. Ngoja. Upesi. Mpaka Kiswahili hicho kilipata jina lake, Kisetla. Ndani ya kurasa hizo hakuna mtu anayewaza kwa Kiswahili. Hakuna anayeshuku kwa Kiswahili, hakuna anayedanganya kwa Kiswahili akafaulu. Lugha yetu inaingia na sinia na kutoka na sinia.

Na ukweli wa nyumba kama hizo ni kinyume kabisa. Mezani panazungumzwa Kiingereza, na mezani ndipo watu wanapoficha. Jikoni panazungumzwa Kiswahili, Kimeru, Kiturkana, Kisamburu, kila mtu na chake, na huko ndiko habari zinakokusanywa. Anayetandika kitanda anajua ni kitanda kipi hakikulaliwa. Anayefua anajua damu ni ya kujikata ukinyoa ndevu ama ni ya kitu kingine. Soja anajua gari lilitoka saa ngapi na lilirudi na watu wangapi. Wakikutana kwa chai ya saa nne wana kesi nzima mkononi, kabla inspekta hajafika na kijitabu chake kuwauliza wenye nyumba. Kwa hivyo mkiniambia eti Kiswahili hakiwezi kubeba riwaya ya aina hii, mnanichekesha. Kiingereza ndicho kimekuwa kikisimulia nusu ya nyumba miaka yote hii, na ni ile nusu iliyokuwa imelala.

Nitasema jambo zito kidogo sasa, mnisamehe. Diana wa ile kesi ya 1941 baadaye aliolewa na Lord Delamere wa nne, akawa mama mwenye nyumba huko Soysambu, Bonde la Ufa. Soysambu hiyo hiyo, Mei 2006, fundi wa mawe anayeitwa Robert Njoya alipigwa risasi akafa. Alikuwa ameingia na wenzake wakiwinda kwa mbwa. Aliyeshtakiwa ni Tom Cholmondeley, mjukuu wa huyo Delamere. Alijitetea kwamba alikuwa akipiga mbwa, si watu. Mei 2009 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, si kwa mauaji ya kukusudia, na ikampa miezi 8 baada ya kukaa rumande miaka 3. Cholmondeley mwenyewe alifariki mwaka 2016, kwa hivyo sitafuti kumshtaki upya hapa. Ninachouliza ni cha hadithi. Lodi mmoja akifa kwenye gari lake, tunapata kitabu, filamu na mjadala wa zaidi ya miaka 80. Fundi wa mawe akifa kwenye nyasi, tunapata habari za gazeti, halafu kimya. Na nyinyi mnaniambia mnapenda hadithi za mashamba yaliyojitenga. Hilo si limejitenga? Ama mtu anayekufa lazima awe na sanduku la maana?

Najua mtakachosema kwenye komenti. "Lakini kuna The Housemaid." Eeh, ipo, ya Freida McFadden, ya mwaka 2022, na msimulizi ni mfanyakazi wa ndani. Asanteni kwa kunisaidia hoja. Kitabu hicho kimeuzwa mamilioni kwa sababu, kwa mara moja, anayeshika ufagio ndiye anayeshika hadithi. Na anayejua hatari mapema ni mtu wa bustani, Mtaliano, anajaribu kuonya kwa lugha yake na dada wa watu haelewi. Mnaona? Wenzetu wameshagundua dhahabu iko wapi. Sisi ambao nusu yetu tuna mama, anti ama binamu aliyefanya kazi ya nyumba Nairobi ama Ghuba, tunasubiri tutafsiriwe.

Na si eti hatukuwahi kuwa na hizi hadithi. Huyu jamaa Mohamed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa mzimuni, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita. Kila mtu yuko tayari kusema ni mizimu. Bwana Msa anawasha kiko chake na kuanza kuuliza kuhusu walio hai. Hiyo ni 1960! Tajiri, mashamba, mahali pametengwa, maiti. Baada yake Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba. Watanzania walikuwa wakisoma upelelezi kwa Kiswahili kabla mama yangu hajazaliwa.

Mimi nilimjua Bwana Msa lini? Nikiwa na miaka 20, baada ya kuacha chuo, kwa kitabu kilichochanika nilichouziwa shilingi 50 pale Makutano. Shule ya upili yote sikumsikia. Nilichokipata ni Chozi la Heri na Kigogo, na si kwamba ni vitabu vibaya, hapana, Chozi la Heri kuna mahali kiliniuma. Lakini tulivisoma vipi? "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Wengi wetu tulisoma mwongozo, hatukusoma kitabu. Tulijua maudhui kumi na mbili na hatukujua kama tulipenda ukurasa hata mmoja. Taharuki yenyewe tulifundishwa kama mbinu ya kutaja na kutolea mfano, alama mbili, wakati ingetakiwa ituweke macho usiku na tochi ya simu chini ya blanketi mpaka matroni apige kelele.

Wachapishaji wakisikia hivi watasema vijana hawasomi Kiswahili. Buda, mnachapisha nini? Mwandishi anaandika jicho moja liko kwa KICD, kitabu kikichaguliwa amepona, kisipochaguliwa kinazeeka stoo. Kwa hivyo kila riwaya lazima iwe na ufisadi, ndoa za mapema na umuhimu wa elimu, hata kama mwandishi alitaka tu kumuua tajiri mmoja kwenye loji na kumwacha mpishi agundue. Halafu wanashangaa mtoto wa Maua ana McFadden kwenye simu. Amefuata taharuki ilipo. Ningekuwa mtoto wa Maua ningefanya hivyo hivyo.

Kuna msee aliniandikia mara ya mwisho nilipogusa mambo haya kwamba mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana haki ya kuongea fasihi. Kaka, niliacha ada, sikuacha kusoma.

Lakini sitawaachia wachapishaji mzigo wote, kwa sababu kuna sisi wa mitandaoni pia. Nyinyi mnaoandika hadithi za sehemu arobaini kwenye WhatsApp, nawapenda, nasubiri sehemu zenu kama mtu anayesubiri mshahara. Lakini mbona kila jumba lenu liko Runda, lina bilionea mwenye macho ya kijivu na mtumishi anayeitwa James? James gani? Mtumishi wa hiyo nyumba anaitwa Mutwiri, ametoka Igembe, ana deni la Sacco, na anajua kila droo. Mkimpa Mutwiri jina la James mmetupa hadithi nzima kwa dirisha.

Mnataka mandhari? Niwape bure. Hapa karibu na Timau, tangu 2011, kuna njia ya ndovu inayopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru, ili waweze kutoka mlimani na kuteremka mpaka nyika bila kugongwa na malori. Fikiria uzio mrefu wa stima pande zote, na mahali pamoja tu ambapo uzio umeachia kwa makusudi. Juu malori ya miraa yanakimbia kuwahi ndege. Chini kuna giza na kinyesi cha ndovu. Usiku mmoja kamera inapiga picha ya kitu ambacho si ndovu. Anayeiona picha ni kijana wa zamu, mshahara wake unatoka kwa mtu ambaye labda ndiye aliye kwenye picha. Sijui kinachofuata. Andika wewe.

Hasira yangu hii ina chanzo, nitakisema kisha nikae kimya. Anti yangu alifua shuka za loji moja, sitaitaja, kwa miaka 11. Ukimkuta jikoni kwake akichambua maharagwe, atakuambia habari za wageni ambazo hakuna mwandishi wa London angeweza kuzitunga. Anajua wapenzi walioachana kwa kuhesabu mito. Anajua mzee aliyelia siku tatu kwa kuangalia taulo. Siku moja pete ya mgeni ilipotea, na waliopangwa mstari nje kwenye baridi saa moja asubuhi, mifuko imegeuzwa, ni wafanyakazi peke yao. Pete ilipatikana mchana ndani ya koti la mume wa mgeni. Hakuna aliyerudi kuwaomba msamaha. Anti hasimulii hivyo kwa uchungu, anacheka. Ananiambia walijua pete iko kwa koti tangu jana yake jioni, kwa sababu yeye ndiye alilitundika hilo koti na akausikia uzito wake. Hakusema. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa chuo.

"Ningesema, wangeuliza mkono wangu ulikuwa unatafuta nini kwenye koti la watu."

Jana jioni nilienda kwake tena. Kuna nyingine, ya mgeni aliyelipa siku saba na kulala mbili tu, na geti likafunguliwa usiku na mtu ambaye hakuwa soja. Alianza, akafika kwa geti, akaona simu yangu iko mezani imelala kifudifudi. Akasema nizime kabisa, si kunyamazisha, kuzima.

Nimezima. Kwa hivyo hiyo hamtaipata hapa.